Majonzi ya kufiwa: yapi ni ya kawaida, na yapi yanahitaji kliniki

Kama uko jikoni, kama uko shambani na redio umeitundika mtini, kama umembeba mtoto mgongoni uko njiani kwenda sokoni, karibu tuketi pamoja. Leo sitaongea juu ya chanjo wala uji wa mtoto. Nataka tuzungumze juu ya kufiwa.

Huenda ukauliza, kufiwa kunamhusu nesi kwa nini? Si ni mambo ya mchungaji, shekhe na wazee wa ukoo? Ni yao, kweli. Lakini waliofiwa nakutana nao kliniki karibu kila wiki, na hawaji wakisema "nimefiwa". Wanakuja wakisema kichwa kinauma, kifua kinabana, usingizi hauji, maziwa yamepungua, mtoto ameanza tena kukojoa kitandani. Nikiuliza polepole, "Na nyumbani kuko aje, mama?" ndipo jambo lenyewe linatoka. Mume alizikwa mwezi wa tatu. Mama mzazi alifariki. Mtoto alizaliwa hana uhai na hakuna mtu aliyemtaja tena tangu siku hiyo.

Majonzi si ugonjwa. Ukimpenda mtu halafu akaondoka, utaumia, na uchungu huo hauna sindano. Hata hivyo kuna wachache ambao majonzi yao hukwama, yakawageukia kuwa ugonjwa, na hao wanaweza kusaidiwa. Shida ni kwamba mara nyingi tunawachanganya. Anayelia kwa sauti tunamwita mgonjwa, na aliyekwama kimya kimya tunamsifu kwamba amejikaza.

Siku za kwanza

Kifo kikitokea, mwili na akili hushtuka. Kuna anayepiga mayowe na kujitupa chini. Kuna mwingine asiyetoa hata chozi moja, anapikia wageni, anahesabu sahani, anauliza kama hema limefika. Wote wawili ni wazima. Nasisitiza hapo kwa sababu nimeona mjane akinyooshewa kidole matangani: "Mtazameni, hata halii, huyu anajua kilichomuua mume wake." Jamani! Ganzi ya siku za kwanza ni njia ya akili kupokea habari nzito kidogo kidogo. Machozi yake yanaweza kuja wiki ya tatu, akiwa peke yake, akikunja shati.

Mwili nao huomboleza. Moyo hupiga mbio, tumbo huvurugika, chakula huwa kama mchanga mdomoni, usingizi hukatika saa tisa usiku. Kusahau kunazidi: sufuria inaungua jikoni, unafika dukani hukumbuki ulifuata nini. Mama anayenyonyesha anaweza kuona maziwa hayatiririki kama zamani. Hayajakauka, mama. Mshtuko huzuia maziwa kushuka, wala haimaanishi kwamba matiti yameacha kuyatengeneza. Endelea kumweka mtoto titini mara kwa mara, kunywa maji na uji, na mwombe mtu akupokee kazi nyingine.

Kuna jambo jingine ambalo watu huniambia kwa kunong'ona, wakiangalia mlango kwanza. "Sista, namsikia." Anasikia hatua za marehemu uani, au sauti yake ikimwita, au ananusa koti lake. Wengine wamemwona kwa ukingo wa jicho amekaa kiti chake. Hilo hutokea kwa watu wengi waliofiwa, katika nchi nyingi, na halimaanishi wazimu wala mapepo. Akili iliyozoea mtu kwa miaka ishirini haiwezi kumwondoa kwa siku ishirini. Lakini sauti ikianza kumwamrisha mtu ajidhuru au adhuru wengine, au akiwa na hofu kubwa na maneno yake hayashikani, huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Majonzi hayapandi ngazi

Chuoni tulifundishwa hatua tano: kukana, hasira, kubembeleza, huzuni, na mwisho kukubali. Zilitoka katika kitabu cha daktari Elisabeth Kübler-Ross cha mwaka 1969. Hatua hizo alizieleza kwanza kutokana na mazungumzo yake na wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa wao wenyewe. Baadaye zikatumiwa kwa wafiwa kana kwamba ni ngazi, na nimewahi kusikia mama akiambiwa "wewe bado uko hatua ya hasira", kama mtoto aliyerudia darasa.

Maisha hayaendi hivyo. Majonzi huja kama mawimbi. Asubuhi unacheka na jirani kisimani, jioni unasikia wimbo aliokuwa akiupenda unalia hadi unakaa chini. Mwezi wa nne unajiona nafuu, kisha inafika Krismasi, au mvua za kupanda ambapo yeye ndiye aliyekuwa akichukua mbegu, na yote yanarudi. Kucheka si kumsaliti marehemu. Kulia tena baada ya mwaka, siku ya kumbukumbu yake, si kurudi nyuma.

Kitu cha kutazama ni mwendo. Mawimbi yakianza kuachana, yakipungua makali, mtu akiweza kula, kuamka, kumchana mtoto nywele, kwenda chamani akarudi, basi majonzi yanafanya kazi yake hata kama machozi bado yapo.

Hema likishang'olewa

Kwetu Kenya msiba ni kazi kubwa. Kuna kamati, kuna mchango, kuna bili ya hospitali na mochari, kuna kibali cha mazishi, kuna wageni wa kulisha usiku na mchana. Mfiwa mwenyewe hapati nafasi ya kufiwa. Kisha watu wanazika, wanakula, viti vya kukodi vinapakiwa, na nyumba inanyamaza. Majonzi ya kweli mara nyingi huanza hapo. Na yanaanza pamoja na madeni, karo, na pengine shemeji anayepima shamba kwa macho.

Wazee wetu walijua kwamba mtu haachi kuomboleza siku ya mazishi. Kuna arobaini. Kuna jamii zinazonyoa nywele baada ya mazishi, na kuna jamii zinazorudi kufanya ukumbusho baadaye. Mjane Mwislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Mila hizi humpa mfiwa ruhusa ya kutokuwa sawa, na huwapa watu sababu ya kurudi kumwona. Mwaka 2020 wakati wa korona tuliona hasara ya kuzikosa: watu walizikwa haraka, wachache wakisimama mbali, bila kesha wala matanga. Wako waliobaki na kidonda hicho muda mrefu.

Neno moja tu kwa walio edani: eda haimzuii mama kutafuta matibabu. Kama una presha, sukari, au una dawa za ARV, usikose siku yako ya kliniki. Hili linamhusu kila mfiwa, awe wa dini gani. Wengi huacha dawa zao wiki za msiba na tunawapokea wakiwa taabani. Na si kila maumivu ni majonzi. Kifua kinachobana ukitembea, kukohoa kuliko wiki mbili, kukonda bila kuacha, hayo yapimwe. Ikiwa ulimuuguza mgonjwa wa kifua kikuu, uje upimwe wewe na watoto hata kama hamkohoi.

Majonzi yaliyokwama

Sasa nichore picha ya nyumba ambayo sisi tunaotembea vijijini tunaijua. Mama alifiwa na mwanawe wa kiume kwa ajali ya bodaboda. Mwaka na nusu umepita. Chumba cha kijana kimefungwa na hakuna ruhusa ya kukifungua. Mama hapiti barabara ile, hata kanisani haendi kwa sababu ni lazima aipite. Shamba halikupandwa misimu miwili. Kila siku, kuanzia asubuhi, ni maneno yale yale: "Ningemkataza kutoka jioni ile." Msichana wake wa darasa la saba ndiye anayepika, anayefua na anayemwosha mdogo wao, na shule anakwenda siku mbili kwa wiki. Majirani wanasema, "Mwacheni, ana uchungu wa mwana."

Ana uchungu, ndiyo. Lakini huyo amekwama, na msichana anazama pamoja naye.

Katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022, hali hii imepewa nafasi yake kama ugonjwa: majonzi ya muda mrefu. Si lazima umsikie mtu akilia. Alama zake ni kumtamani marehemu au kumfikiria mfululizo, karibu kila siku, pamoja na uchungu mkali: hatia, hasira, kushindwa kuamini kwamba amekufa, kuhisi sehemu yako mwenyewe imezikwa, kutoweza kufurahia lolote. Hali hiyo iwe imepita angalau miezi sita, imezidi kile ambacho jamii na dini yake huona ni kawaida, na imemzuia kuishi: kazi, watoto, majirani. Madaktari wa Marekani kwa watu wazima husubiri hadi mwaka. Mimi sipendi kugombania miezi. Nauliza tu: leo ni tofauti na mwezi ule wa kwanza? Kama baada ya miezi sita au zaidi jibu ni hapana, tunahitaji msaada.

Walio hatarini zaidi ni waliofiwa ghafla au kwa ukatili, waliofiwa na mtoto, wale ambao mwili haukupatikana, waliouguza muda mrefu na maisha yao yote yakawa ni mgonjwa yule, na wale wasio na mtu wa kuongea naye.

Kuna pia ugonjwa wa huzuni kuu, ambao wengine huuita sonona. Unaweza kumpata mfiwa na unaweza kumpata mtu ambaye hakufiwa. Mwenye majonzi ya kawaida humlilia aliyeondoka, lakini akikumbuka kisa cha kuchekesha cha marehemu atatabasamu. Mwenye sonona giza ni la kutwa nzima, kwa wiki mbili au zaidi, na mara nyingi analigeuza kwake mwenyewe: mimi si kitu, mimi ni mzigo, watoto wangekuwa afadhali bila mimi. Mama aliyejifungua karibuni na akafiwa achunguzwe mapema, hali hizi mbili zinaweza kumshika pamoja.

Wafiwa wengi husema, "Laiti Mungu angenichukua nami." Usikimbie maneno hayo. Keti, muulize waziwazi: "Umekuwa ukifikiria kujiua?" Kumuuliza hakumpandii wazo, humfungulia mlango. Akikubali, na hasa akiwa amefikiria namna, msimwache peke yake hata usiku mmoja. Toeni nyumbani dawa za shamba, za ng'ombe na za panya, mumpeleke hospitali. Zamani familia ziliogopa, kwa kuwa kujaribu kujiua kulikuwa kosa chini ya kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Mpeleke bila kuogopa.

Mtoto ambaye hakufanyiwa matanga

Hapa naomba mniruhusu nikae kidogo.

Miaka yangu ya mwanzo kazini, mama mmoja kijana alijifungua mtoto mfu wa miezi tisa. Nilimfunika mtoto haraka nikamwondoa. Nilirudi nikampiga mama begani nikamwambia, "Usilie, wewe bado mchanga, utapata mwingine." Nilidhani nimemfariji. Siku nne baadaye alirudi, nguo ya kifuani imelowa. Maziwa yalikuwa yameingia na hakuna mtu aliyemwonya, hata mimi. Alisimama mlangoni akaniambia, "Sista, hata uso wake sikuuona." Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo.

Kwa hiyo sikilizeni. Aliyepoteza mimba au mtoto mchanga amefiwa. Mtoto hana umri katika moyo wa mama. Mwulize kama angependa kumwona na kumshika mtoto wake. Akitaka apewe nafasi, asipotaka asilazimishwe. Kama familia ilikuwa na jina, litumieni. Maziwa kwa kawaida huingia siku ya pili hadi ya nne. Avae sidiria inayoshika vizuri bila kukaza mno, aweke kitambaa cha maji baridi, na akamue kidogo tu pale titi likiuma, kwa maana kukamua sana huita maziwa zaidi. Titi likiwa jekundu na homa ikapanda, aje kliniki. Na baba wa mtoto pia apewe pole. Mara nyingi yeye ndiye aliyechimba lile kaburi dogo, kisha hakuna aliyemuuliza neno.

Maneno "utapata mwingine" tuyaache. Hata "ni mapenzi ya Mungu", ingawa ni imani yetu, yasemwe na mfiwa mwenyewe akiwa tayari kuyasema.

Watoto waliofiwa

Tunawaambia watoto "baba amelala" au "nyanya amesafiri". Mtoto wa miaka minne akisikia kifo ni usingizi, anaogopa kulala, tena anaogopa wewe ukilala. Akiambiwa safari, atakaa langoni akingoja. Mwambie kwa upole na kwa neno lenyewe: baba amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, haumii, na hatarudi. Kabla ya miaka mitano au sita hawezi kuelewa "hatarudi", kwa hiyo atakuuliza tena kesho na kesho kutwa. Mjibu vile vile.

Watoto huomboleza kwa vipande. Atalia dakika tano kisha aombe mpira. Atacheza mchezo wa kuzika, usimchape. Anaweza kurudia tabia za utotoni, kukojoa kitandani, kung'ang'ania leso yako, kuumwa tumbo asubuhi ya shule. Wengi huamini kimya kimya kwamba wao ndio waliosababisha, pengine kwa sababu siku moja walimkasirikia marehemu. Mwambie hata kama hajauliza: si kosa lako. Kula, kulala na kwenda shule kwa saa zile zile kunamtuliza kuliko zawadi. Mwalimu wake ajulishwe. Lakini mtoto akiacha kabisa kucheza, akikataa chakula, akirudi nyuma sana shuleni kwa miezi, au akisema anataka kumfuata aliyekufa, mlete.

Tumsaidieje

Msaada mkubwa hauna maneno mengi. Nenda wiki ya tano, wakati wengine wamesahau. Beba maji, chota kuni, mchukue mtoto mchana mmoja alale. Usiseme "ukihitaji chochote niite", hatakuita. Mtaje marehemu kwa jina lake na umwache asimulie, hata kama ni kisa kile kile mara ya kumi.

Msimpe dawa za usingizi za kuazima. Najua piritoni inazunguka matangani kama peremende, na wako wanaonunua diazepamu dukani bila kuandikiwa. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba dawa za kundi la diazepamu zisitolewe kwa mfiwa asiye na ugonjwa wa akili. Zinazoesha, na uchungu unabaki pale pale. Pombe ni vivyo hivyo, na wanaume wengi huombolezea huko kwa sababu tuliwafundisha kwamba machozi si yao.

Aliyekwama hutibiwa hasa kwa mazungumzo. Mshauri aliyefunzwa hukutana naye mara kadhaa, wakarudi taratibu kwenye yale anayoyakimbia, kile chumba, ile barabara, huku wakitafuta la kuanza nalo maisha. Dawa za sonona husaidia ikiwa sonona imeingia, lakini hazimalizi majonzi yenyewe.

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au mwambie mhudumu wa afya wa kijiji chako. Huhitaji kuwa na homa ndipo uje. Ukifika useme tu, "Nimefiwa na sijisikii vizuri," tutajua la kuuliza. Tukiona ni zaidi ya uwezo wetu tutakuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa, penye mshauri au daktari wa akili. Usiku ukikulemea, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina simu ya 1199, na kwa mtoto kuna 116. Zote hazitozwi pesa. Kama ni jirani unayemleta, mje wawili na umsubiri nje kwenye benchi, kwa sababu wengi hufika langoni wakageuka.

Wiki ijayo, saa kama hii, tutaongea juu ya kuhara kwa watoto na namna ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari. Kwaherini.